Moramu ya Chini ya Zege: Namna ya Kuikadiria na Kuiagiza

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Mtu anapotaka kumwaga sakafu ya zege nyumbani kwake, swali lake la kwanza aghalabu huwa hili: itakula mifuko mingapi ya saruji? Swali hilo ni la haki, maana saruji ndiyo ilayo fedha nyingi. Walakini chini ya zege hulala tabaka jingine lisilosifiwa na mtu, nalo ni moramu iliyoshindiliwa. Tabaka hilo likipungua, upungufu wake haulipwi kwa moramu bali kwa saruji. Katika ukurasa huu nataka kueleza namna ya kulipima tabaka hilo, kulihesabu na kuliagiza, na mfano wangu ni sakafu ya kuanikia mpunga iliyojengwa nyumbani kwetu, wilayani Misungwi, katika likizo fupi ya Septemba mwaka jana. Hesabu zenyewe ni za kuzidisha na kugawanya tu, na yeyote aliyemaliza shule ya msingi aweza kuzifuata.

Kwanza niseme kwa nini mama alitaka sakafu hiyo. Sisi hulima mpunga, na mpunga ukianikwa juu ya ardhi tupu hukusanya mchanga na vijiwe. Mnunuzi akitia mkono guniani na kukuta vijiwe, hushusha bei, wala huwezi kumlaumu. Mama aliweka akiba kidogo kidogo katika kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, hata akapata fedha za mifuko 16 ya saruji, mchanga, kokoto, ujira wa fundi na wa saidia fundi wawili, na moramu. Fedha hizo zilitosha kwa kazi hiyo, wala hapakuwa na shilingi iliyosimama pembeni ikingoja kasoro. Sakafu ilikuwa iwe ya urefu wa mita 6, upana wa mita 4 na unene wa sentimita 10.

Kazi ya moramu

Huenda msomaji akauliza, moramu ni ya nini, ikiwa zege lenyewe ni gumu kama jiwe? Jibu ni kwamba zege hustahimili sana kugandamizwa, lakini ni dhaifu sana likipindwa. Sakafu iliyolala juu ya ardhi isiyo sawa, hapa pagumu na pale palaini, hupindwa kila mtu apitapo na gunia begani, na mwisho hupasuka mahali palipo tupu chini yake. Moramu huifanya ardhi iwe na ugumu wa namna moja kila mahali. Tena huiinua sakafu juu kidogo, maji yasisimame chini yake.

Jambo la maji ni la zamani. Mskoti mmoja, John Loudon McAdam, aliyezaliwa mwaka 1756, alitengeneza barabara nyingi huko Uingereza mwanzoni mwa karne ya 19. Alishikilia kwamba kinachobeba mzigo hasa ni udongo wenyewe ulio chini, nao hubeba mzigo wowote maadamu u mkavu. Kazi ya mawe yaliyovunjwavunjwa ni kuwa kama paa la udongo huo. Aliagiza kila jiwe lisizidi uzito wa wakia 6, yaani gramu 170 hivi, na liwe na pembe kali ili lishikane na jenzake. Wanaovunja kokoto kwa nyundo katika vilima vya Mwanza hutoa mawe ya pembe namna hiyohiyo, ingawa madogo zaidi.

Udongo nao una tabia zake. Kwetu Usukumani juu ya miteremko, karibu na mawe makubwa, kuna udongo wa kichanga tuuitao luseni. Ukishuka bondeni wakuta mbuga, yaani udongo mweusi wa mfinyanzi. Mtaalamu Geoffrey Milne, aliyekuwa katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, katika miaka ya 1930 aliupa mfuatano wa namna hii wa udongo, toka kilimani hata bondeni, jina la katena, maana yake mnyororo. Mwenye kujenga juu ya luseni, kama sisi, ana bahati. Udongo wa mbuga huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, na tabaka la sentimita 10 au 15 la moramu haliwezi kuuzuia. Kama kiwanja chako kina sehemu ya juu yenye mchanga na sehemu ya chini yenye mbuga, jenga juu, hata ikiwa ni mbali kidogo na jikoni.

Kupima shimo

Hapa ndipo penye jambo kubwa, nami nitakaa kidogo.

Watu wengi huhesabu moramu kwa kuzidisha urefu wa sakafu, upana wake na unene wautakao. Fundi wetu, mzee wa makamo mwenye sifa njema kijijini, alifanya hivyo kichwani akiwa amesimama: 6 mara 4 mara 0.10, mita za ujazo 2.4. Lori dogo la machimboni huchukua kiasi hicho. Akamwambia mama, "Tripu moja yatosha."

Katika kuzidisha hapakuwa na kosa lolote. Lakini hesabu ile ilikuwa ya shimo lililo bapa kama meza, tena la moramu isiyopungua ikigongwa. Na pale uani hapakuwa na shimo la namna hiyo wala moramu ya namna hiyo.

Kwanza, tabaka la moramu halikomei pale zege linapokoma. Hupita nje kidogo ili ukingo wa sakafu usikalie udongo mtupu, maana ukingo ndio upasukao kwanza. Tuliongeza sentimita 15 kila upande. Basi urefu ukawa mita 6.30 na upana mita 4.30, na eneo likawa mita za mraba 27.09. Kwa macho nyongeza hiyo ni ndogo, kumbe ni zaidi ya sehemu moja katika kila sehemu kumi.

Pili, udongo wa juu wenye mizizi na samadi lazima uondolewe, kwa kuwa mizizi huoza na kuacha utupu. Watu walichimba kwa jembe na sepetu, na jembe halichimbi kwa rula. Tena palikuwa na kisiki cha mwembe upande mmoja, kikang'olewa, kikaacha bonde.

Ili kujua kina cha kweli, fanya hivi. Pigilia vigingi katika pembe nne, nje ya shimo. Funga uzi wa fundi mahali pale ambapo uso wa moramu utakuwa baada ya kushindiliwa. Ili nyuzi ziwe sawa, tumia mpira mwembamba uonyeshao maji ndani. Maji katika ncha mbili za mpira husimama kimo kimoja, hata kama kati yake pana kichuguu. Usisahau mteremko. Sakafu ya uani yataka ishuke sentimita 1 kwa kila mita moja ili mvua itiririke. Kwa upana wetu wa mita 4 tulishusha uzi wa upande wa kusini sentimita 4. Moramu yenyewe na iwe na mteremko huo, usiuache utengenezwe na zege, ama sivyo zege litakuwa nene upande mmoja na jembamba upande wa pili.

Kisha vuta nyuzi nyingine kukatiza, upate makutano yaliyotawanyika sawasawa. Sisi tulipata 12. Katika kila makutano shusha futi kamba toka kwenye uzi hadi chini, uandike. Daftari langu lasema hivi, kwa sentimita: mstari wa kwanza 11, 12, 14, 15, wa pili 10, 12, 13, 16, wa tatu 12, 12, 14, 15. Jumla ni 156. Gawanya kwa 12, wastani ni 13.

Fundi alikuwa amesema 10, na mahali pamoja palikuwa 10 kweli. Lakini wastani ulikuwa 13. Zidisha sasa: 27.09 mara 0.13 ni mita za ujazo 3.52. Hiyo ndiyo moramu iliyotakiwa kukaa ndani ya shimo ikiwa imekwisha kushindiliwa. Tumetoka 2.4 tukafika 3.52, na bado hatujaigusa moramu yenyewe.

Moramu iliyolegea si moramu iliyoshindiliwa

Lorini moramu huja imelegea, kati ya punje na punje mna hewa. Ukiigonga, hewa hutoka, punje ndogo huingia kati ya kubwa, na lundo hupungua. Utauliza, hupungua kwa kiasi gani? Wajenzi wengi huongeza robo, na mara nyingi hiyo hufaa. Lakini moramu za machimbo mbalimbali hazifanani, nami nilipenda kujua ya kwetu. Jaribio lake ni rahisi, na laweza kufanywa hata hapa shuleni.

Kaka yangu alikwenda machimboni kwa baiskeli siku moja kabla, akarudi na nusu gunia ya moramu ileile ambayo lori lingepakia. Tulipiga sanduku la mbao nne, lisilo na kitako wala kifuniko, kila upande sentimita 50 kwa ndani na kimo sentimita 10. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 25,000, yaani lita 25. Tuliliweka juu ya ardhi ngumu, tukajaza moramu kwa kopo la lita moja, huku tukihesabu. Ilipofika nusu tuligonga kwa gogo, tukaongeza, tukagonga tena, hata ikawa sawa na ukingo na gogo likawa ladunda. Tulitumia lita 31 kulijaza sanduku la lita 25. Gawanya 31 kwa 25, wapata 1.24. Basi ile robo ya wajenzi ilikuwa ya kweli kwa moramu yetu, tukachukua 1.25.

Zidisha 3.52 kwa 1.25, upate 4.40. Halafu ongeza kidogo, tuseme 5 kwa 100, kwa ajili ya ile imwagikayo njiani na ile ikanyagwayo ikazama mchangani pale lori linapoimwaga. Jumla ikawa 4.62.

Hesabu hiyo ni ya moramu. Mwenye kutandika kokoto safi za ukubwa mmoja asiongeze robo. Kokoto hazina unga wa kujaza nafasi, kwa hiyo hazishuki sana zikigongwa, hushikana tu. Nafasi zilizo ndani yake hubaki vilevile, nazo ni nyingi kuliko mtu adhanivyo. Jaza ndoo ya lita 20 kwa kokoto kavu, kisha mimina maji kwa kopo mpaka yafike ukingoni: utashangaa kuona lita 8 au 9 zimeingia katika ndoo uliyodhani imejaa. Nafasi hizo ndizo zizuiazo unyevu kupanda toka chini, na ndiyo sababu kwa sakafu ya chumba cha kulala watu hupenda mawe na kokoto. Kwa sakafu ya uani, yenye mteremko, moramu yafaa, na bei yake ni nafuu.

Mama alipoziona hesabu hizo mezani aliuliza jambo moja tu: "Na tukileta tripu moja, kama fundi alivyosema, itakuwaje?"

Nilimhesabia. Tripu moja ya mita za ujazo 2.4, ikishindiliwa, hubaki 1.9. Shimo lataka 3.52. Pangepungua 1.6, yaani kama sentimita 6 chini ya uzi, shimo zima. Nafasi hiyo lazima ijazwe na kitu. Saidia fundi aliye na haraka huijaza kwa udongo uleule uliochimbwa, wenye mizizi na samadi, na miaka miwili baadaye sakafu huzama. Au huijaza kwa zege. Sentimita 6 chini ya sakafu ya mita za mraba 24 ni mita za ujazo 1.44 za zege. Kwa mchanganyiko wa saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne, kila mita ya ujazo hula kama mifuko 6 na nusu. Basi ingekula mifuko 9 zaidi. Mama alikuwa na mifuko 16, na sakafu yenyewe ilitaka karibu yote. Zege lingekoma wakati theluthi moja ya sakafu haijamwagwa, siku hiyohiyo, na watu wamekwisha lowana.

Fundi naye aliitazama ile orodha ya vina kumi na viwili, akaenda mwenyewe kwenye bonde la kisiki na futi kamba yake. Akarudi akasema, "Binti, hapa ni kumi na sita kweli. Agizeni mbili." Sikupata upinzani wowote kwake baada ya hapo, naye ndiye aliyenifundisha habari ya ukingo kupasuka kwanza.

Kuagiza na kupokea

Moramu huuzwa kwa tripu, lakini tripu si kipimo. Lori moja na jingine hayalingani. Kabla ya kukubaliana bei, pima bodi kwa ndani: urefu, upana, na kimo cha mbao za pembeni. Lori tulilolipata lilikuwa na urefu wa mita 3.10, upana wa mita 1.70 na kimo cha mita 0.45. Ujazo ni mita 2.37. Tulitaka 4.62, gawanya, ni tripu 1.95. Tripu mbili, basi, zilizojaa hadi ukingoni, na neno hilo "hadi ukingoni" litamkwe mbele ya dereva kabla ya fedha kutajwa. Bei sitaitaja hapa kwa sababu hubadilika kwa umbali na kwa majira. Ila yafaa kujua kwamba aghalabu sehemu kubwa ya bei ni safari, si moramu.

Wengine huuza kwa uzito. Kwa kulinganisha, tuliazima mizani ya kuning'iniza kwa jirani aliyekuwa akipimia pamba. Ndoo ya lita 20 ya moramu kavu ilitoa kilo 30, yaani tani moja na nusu kwa kila mita ya ujazo. Lakini moramu iliyonyeshewa ni nzito zaidi bila kuwa nyingi zaidi. Katika tani tatu na nusu, maji yakiwa sehemu moja katika kumi, umenunua lita 350 za maji, karibu mapipa mawili. Mwenye kununua wakati wa mvua anunue kwa ujazo.

Jambo la mwisho la kupokea ndilo lenye kuleta maneno. Kagua kabla moramu haijamwagwa. Ikikwisha kumwagwa ni lundo, na lundo halina ushahidi. Tripu yetu ya kwanza ilipofika, kaka yangu alipanda juu ya gurudumu, akaisawazisha kwa sepetu na kushusha futi kamba. Ilikuwa chini ya ukingo kwa sentimita 10, pande zote.

Dereva hakukasirika. Alisema, "Mama, barabara ina mashimo. Niliijaza, imeshuka njiani."

Neno hilo lina ukweli ndani yake, nami sipendi watu wanaodhani kila dereva ni mwizi. Mzigo hushuka kweli kwa kutikisika, na mzigo ulioshuka hivyo una moramu nyingi kuliko uonekanavyo. Lakini tuupime ukweli huo. Sentimita 10 katika 45 ni 22 kwa 100. Katika sanduku letu, kugonga kwa gogo kwa nguvu zote za kaka yangu kulishusha lita 31 hadi 25, yaani 19 kwa 100. Barabara ya machimboni, pamoja na mashimo yake, ingekuwa imeshindilia moramu kuliko gogo, na kama ndivyo, moramu ile isingetoka bodini bila sururu. Nilimwamkia dereva, nikamweleza hayo kwa adabu, nikimwonyesha sanduku na kopo. Alicheka sana, akamwambia mama, "Huyu mtoto wako ataniua njaa." Mama akamjibu, "Mwanangu, njaa tunaiogopa wote."

Kilichopungua kilikuwa 3.10 mara 1.70 mara 0.10, yaani mita ya ujazo 0.53, karibu toroli tisa za lita 60. Dereva alikubali kukilipa katika tripu ya pili kwa kupakia mlima juu ya ukingo. Hapo tukatumia hesabu ya piramidi: theluthi ya eneo la kitako mara kimo. Eneo la bodi ni mita za mraba 5.27, ili kupata 0.53, mlima wataka kilele cha sentimita 30. Tripu ya pili ilikuja imefunikwa turubai, na ulipofunuliwa, mlima ulikuwa wa sentimita 30 na ushei. Uzito wake ulikuwa kama tani 4 na robo. Lori lile, kwa maneno ya dereva, lilikuwa la tani 5. Lori lisiloweza uzito huo lisipakiwe mlima. Heri kulipia nusu ya tripu kuliko kuvunja springi za mtu, au kuleta ajali barabarani.

Yapo mawili madogo ya kuagiza ambayo huleta usumbufu yakisahauliwa. Lori limwage wapi? Likimwaga ndani ya shimo, vigingi na nyuzi huvunjwa, na matairi huharibu kitako. Likimwaga mbali, utalipa saidia fundi siku nzima ya toroli. Sisi tulimwagiwa kando, hatua tano toka shimoni, upande wa juu. La pili ni njia. Kwa walio na mbuga kati ya barabara na nyumba, moramu iingie kabla ya vuli. Baada ya mvua mbili tatu lori huzama mpaka ekseli, na kulitoa huko ni gharama nyingine.

Kutandika

Kutandika hakuna maneno mengi. Sentimita 13 zilizoshindiliwa ni kama 16 zilizolegea. Usizitandike zote mara moja, kwa maana gogo la mkono haligusi chini sana. Tulitandika tabaka mbili, kila moja sentimita 8, na kila moja tuligonga peke yake kwa kopo kubwa lililojazwa zege na kutiwa mpini. Mahali penye bonde la kisiki tulijaza na kugonga kwanza, ndipo tukatandika pengine.

Unyevu una maana kubwa. Mwaka 1933 mhandisi Mmarekani Ralph Proctor alionyesha kwamba kila udongo una kiasi chake cha maji ambacho kwacho hushindilika vyema kuliko vyote. Ukiwa mkavu punje hazitelezi zikajipanga, na ukiwa umelowa mno maji hushika nafasi ya punje. Mahali pasipo maabara, mafundi hutumia kiganja. Chukua moramu mkononi, ubane. Ikimumunyika, ongeza maji kwa kopo lenye matundu. Ikitoa maji kati ya vidole, ngoja jua. Ikikaa kama kitonge, na kitonge hicho kikivunjika vipande viwili au vitatu ukikigusa, anza kugonga. Utajua imetosha pale kisigino cha mtu mzima kisipoacha alama.

Tulipomaliza tulipima tena toka kwenye nyuzi katika makutano yaleyale 12. Palipopungua tuliongeza, palipozidi tulikwangua, kwa maana kila sentimita iliyo pungufu pale ingelipwa kwa saruji. Kesho yake asubuhi tuliinyunyizia moramu maji kidogo ili isinyonye maji ya zege, tukamwaga, fundi akigawa sakafu katika vipande sita vya mita mbili kwa mbili ili mpasuko, ukija, ufuate mistari yake. Mifuko 16 ilitosha, na wa mwisho ulibaki na kama debe moja.

Moramu ilibaki toroli nne. Mvua za vuli zilipoanza, maji yatiririkayo toka sakafuni yalichimba ukingo wa kusini, na huko ndiko toroli zile nne zilikokwenda.